Mashine Aliyoniachia Uthmani

Jumatatu, 3 Novemba
Houda wa kaunta kaletewa kompyuta mpya. Ina taa za bluu pembeni! Kazi yake kuandika fakture, ankara za vipuri, kama mimi. Mimi bado na hii ya marehemu Uthmani, karani wa zamani, aliyenifundisha kuandika kwa vidole kumi. Nimebaki kuandika kwa viwili. Herufi A imefutika kwa kidole chake.

Nikamwambia patron, Mzee Jaffar, mashine yangu haina nguvu. Akauliza nguvu za nini, kwani inabeba saruji? Houda akacheka mpaka akashika meza.

Jumanne, 4 Novemba
Patron kamwita Bella, fundi wa Kamenge. Kapuliza vumbi, kawasha, kasema kwa fakture na barua pepe inatosha, tena inazidi. Msaliti! Na chai yangu kanywa.

Lakini akili ninayo. Jioni sote tunafunika mashine kwa vitambaa vya kudarizi. Changu alikidarizi Mama Sikuzani, mjane wa Uthmani. Asubuhi Uthmani alikuwa anakikunja taratibu kama kanzu ya Idi, halafu ndipo anawasha. Kesho sikikunji. Itapata moto, izime mbele ya patron.

Jumatano, 5 Novemba
Imezima! Na harufu juu. Patron kanionea huruma, kaagiza mpya yenye nguvu kuliko ya Houda. Ya zamani kampa Ustadh Shakuru wa madrasa, Buyenzi, pamoja na kitambaa. Nikasema sawa tu. Njiani nyumbani sikuwa na raha, sijui kwa nini.

Ijumaa, 7 Novemba
Mpya imefika. Inanguruma! Umeme ukakatika, tukawasha jenereta, nikawasha mashine. Jenereta likakohoa, likafa. Likawashwa tena, likafa tena. Fakture ya Houda ikapotea, mteja akapiga kelele. Patron kasema apana, mashine hiyo isiguse jenereta lake.

Nimeshinda mchana na kalamu. Zamani jenereta hilo hilo lilitutosha. Uthmani aliandika huku akitusimulia harusi za Buyenzi ya ujana wake, mpaka wateja wanasahau walichofuata. Yebaba we, namkumbuka yule mzee! Machozi yakadondokea fakture. Houda kaniletea maji, bila kucheka.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimekwenda madrasa. Mashine inafanya kazi vizuri! Ustadh kasema haikuwa na ugonjwa, ilihitaji hewa tu. Akaniangalia sana. Nikaangalia viatu vyangu.

Patron karidhia tubadilishane. Madrasa haina jenereta la kuua. Nimeirudisha mezani kwangu, nimekinusa kitambaa. Bado kina udi wa kina Sikuzani. Nimekikunja taratibu, nikawasha, nikaiona ile A iliyofutika. Sikuachi tena, wallahi.

Kumbe mashine haikuwa na kosa. Jenereta ndilo dogo! Patron akinunua kubwa, hata Houda ataniheshimu. Bella atasema linatosha, namjua.

Nyumbani nina blanketi zito. Jumatatu nakwenda nalo.