Kwaya Kwenye Mtihani wa Ufahamu

Jumatatu, 12 Mei

Benedikta tena! Darasa lake, Tano B, limeongoza ufahamu. Tano A yangu mkiani. Eti siri ni muziki: watoto wakisoma, anawawekea kinanda cha taratibu kwenye simu. Kinanda kitupu, hakuna hata mtu wa kuimba! Ofisini wanampongeza kama bibi harusi. Mwalimu Mkuu Keraryo ametangaza kuwa atakayeshinda mtihani wa Ijumaa ndiye mwalimu wa taaluma. Meza yake mwenyewe, na semina Bunda! Cheo hicho nilikuwaga nakiota tangu nafika Bugwema. Wivu sina. Roho inaniuma tu.

Jumanne, 13 Mei

Nimepita dirishani kwa Benedikta nikijifanya natafuta chaki. Nikarudi tena. Watoto kimya, wanasoma. Simu yenyewe inalia kama mbu. Sasa kama mbu analeta ushindi, spika ya kwaya je? Nimemwendea Evance, mwenyekiti wetu wa kwaya. Akasita. Nikamwambia ni ya mkutano wa maombi. Mungu atanielewa.

Alhamisi, 15 Mei

Mazoezi yamefana! Nimeweka wimbo wetu mpya wa kuvuka Yordani, ule ninaoongoza mimi. Darasa zima likaimba, macho kitabuni. Benedikta akaja kuniomba nipunguze sauti. Akaongeza kwamba nitafute muziki usio na maneno, maana maneno ya wimbo yatagombana na ya kitabu. Nikamshukuru kwa meno yote. Ameshaogopa!

Ijumaa, 16 Mei

Jamani.

Hadithi ilikuwa ya Anastazia, amepanda kivuko Kisorya na kapu la dagaa, anaenda kwa shangazi yake Ukerewe. Nikafungulia spika mpaka mwisho.

Kivuko kilifika wapi? Kanaani. Anastazia alibeba nini? Msalaba. Nani alimpokea? Malaika, wenye kanzu nyeupe. Mmoja tu ameandika shangazi, na huyo hasikii vizuri.

Keraryo amewasomea walimu wote majibu hayo, anafuta machozi ya kicheko. Akaniuliza dagaa walipelekwa mbinguni wabichi au wakavu. Cheo kimekwenda kwa Benedikta. Yeye hakucheka. Alinivutia kiti, akaniletea chai. Bora angecheka! Chai nimekunywa, lakini nimekunywa kwa hasira.

Jumapili, 18 Mei

Benedikta kakaa benchi la mbele kanisani, gauni jipya. La semina hilo, najua!

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nachunguza kosa langu, na nimelipata. Si muziki. Si sauti. Ni Kiswahili! Hadithi ya Kiswahili, wimbo wa Kiswahili, lazima vichanganyikane. Hilo Benedikta na usomi wake wote hakuliona.

Nimeshaongea na Evance, spika nabaki nayo. Kesho nawawekea kwaya ya Kijita. Hiyo ndiyo lugha wanayoongea nyumbani tangu kuzaliwa, haitawasumbua hata kidogo.