Chonga Wangu na Barafu za Mama

Jumatatu, 12 Mei
Sisimizi wamekula mkusanyo wangu. Wote! Nzige amebaki mabawa. Kipepeo amebaki pini, na pini yenyewe ni ya mtandio wa dada Shamsiya, ambaye bado anaitafuta. Miguu ya meza nilikuwa nimeisimamisha kwenye makopo ya maji, kama Mama anavyolifanyia kabati la chakula. Pazia sikulifikiria. Wamepita juu ya pazia, kwa foleni, bila haraka.

Ijumaa Mwalimu Devota wa baiolojia anachagua mwanafunzi wa kwenda naye msitu wa Amani. Mmoja tu, mwenye mdudu aliyetungwa pini vizuri kuliko wote. Mimi sijawahi kunyoosha kidole darasani. Huko msituni ningeongea, najua.

Godlisten, jirani yetu, ana panzi wawili na domo la watu kumi. Kaniuliza mbele ya wote kama sanduku langu ni la kuhifadhia wadudu au la kulishia sisimizi. Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Jumanne, 13 Mei
Faraja! Ami Rahimu amekuja kutoka Pangani na chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa minazi. Kamnasa shambani kwake na anamwita mwizi. Mzima, ana hasira, pembe imemeguka ncha. Mzuri mno.

Kitabu cha maktaba kinasema mdudu akigandishwa hufa bila kuvunjika mguu. Mama ana friza. Humo hugandisha barafu za ukwaju za kuuzia mtaa wote wa Nguvumali, na alishanikataza kuweka humo chochote chenye miguu. Basi nimemtia chonga kwenye kikombe cha barafu, nikammiminia ukwaju asionekane, nikakisukumia kikombe chini kabisa ya friza. Kesho nitamwosha. Akili!

Jumatano, 14 Mei
Hayumo.

Shamsiya anasema mchana jua lilikuwa kali, wateja wengi, akaanza kuuza vikombe vya chini kwa kuwa ndivyo vilivyoganda sawasawa. Nikauliza ni nani walionunua. Akasema mtaa mzima, kwani mimi nimekuwa polisi lini?

Nimekaa barazani hadi magharibi nikisubiri mtu apige kelele. Hakuna aliyepiga. Hilo ndilo lililonitisha.

Ijumaa, 16 Mei
Godlisten kaleta chonga.

Pini imepita bawa la kulia, kama kitabu kinavyotaka. Miguu imetandazwa vizuri. Pembe imemeguka ncha. Nikasogea, nikanusa. Ukwaju.

Nikamnong'oneza kwamba huyo ni wangu. Akajibu kwa sauti ya kufika uwanjani: haya, shehe wangu, waeleze basi ulimpoteza wapi, wasikie wote! Nusu ya darasa hununua barafu kwetu. Mmoja alikuwa anamumunya ya kwetu muda ule ule. Ningesema, Mama asingeuza tena hata kikombe kimoja.

Mwalimu Devota akauliza kama kuna mwingine mwenye cha kuonyesha. Nikatazama viatu vyangu. Godlisten ndiye anayekwenda Amani. Alipoulizwa chonga alimpata wapi, akasema ni sehemu moja yenye baridi sana.

Jumapili, 18 Mei
Godlisten karudi kutoka Amani. Kaja kununua barafu, kaiinua kuelekea jua, kaizungusha, ndipo akalipa. Mama akashangaa kijana huyu anatafuta nini. Nikasema huenda macho yanamsumbua.

Mwalimu atachagua mwingine muhula ujao. Ami Rahimu, ambaye hajui lolote, kanipa chonga wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Nimekaa chini nikalitafakari kosa langu kwa makini, bila kujionea huruma. Nimeligundua. Lilikuwa ukwaju.

Safari hii nimetumia ubuyu.