Malalamiko juu ya Saa ya Kikorea na Ukweli Uliosemwa Siku Mbaya

Kasongo, Jumanne

Kwa Bwana Muzaliwa, mwenye nyumba ya video karibu na soko, ambaye pia ndiye mutafsiri wake na muwasha jenereta wake.

Ndugu Mutafsiri,

Kwa heshima zote zinazokufaa, na zile pia ambazo hazikufai, nakuandikia mimi Hippolyte, motari mubeba abiria wa barabara ya Salamabila, yule wa benchi la pili asiyevua kofia ya pikipiki hata ndani. Natumaini uko muzima. Mimi niko muzima wa mwili tu.

Malalamiko yangu yanahusu ile filamu ya Kikorea ya vipande kumi na sita. Nakumbusha habari yake, maana najua barua hii utawasomea watu. Karatasi haijawahi kukaa kimya mukononi mwako. Fundi kijana anatengeneza saa ya mukono. Ukiivaa na kusimama mbele ya mutu unayemupenda, inahesabu mapigo ya moyo na kuandika upendo wako kwa asilimia. Fundi anamupenda muuza maua. Jumapili kumi na sita, baada ya misa, tumekalia mbao zako kungoja arusi yao.

Mimi nilingoja kuliko wote. Rosine, ambaye namuomba tangu miaka miwili, alisema baada ya kipande cha kwanza, mbele ya rafiki yake Mado, kwamba wale wawili wakioana, naye atakubali mujomba wangu aende kwao kubisha hodi. Nilikubali palepale. Nani ameona filamu ya mapenzi isiyo na arusi?

Sasa makosa, kwa mupango:

1. Saa yenyewe. Tangu mwanzo hakuna hata Mukorea mumoja aliyetafuta umeme. Sisi simu tunaipeleka kwa mwenye sola na kungoja zamu kama kwa daktari. Yao haikuzimika hata mara moja, isipokuwa siku ya mwisho, dakika ileile kijana alipotaka kusoma asilimia za mupenzi wake. Saa za kuzimika siku ya posa tunazo hapa, hatukuhitaji za Korea.

2. Baada ya kipande cha tatu Rosine aliangalia mukono wangu mutupu akauliza mimi niko asilimia ngapi. Nikanunua Salamabila saa ambayo mufanyabiashara aliapa kwa mama yake kwamba inapima moyo. Mbele ya Rosine ikaandika sitini na moja. Mbele ya mbuzi wa Mama Régina wa mandazi, aliyenikatia njia ghafula nikiwa juu ya pikipiki, ikaandika mia moja na kumi na nane. Rosine alinipa hongera, akauliza mbuzi nitamuoa lini.

3. Sasa wewe. Kwa Jumapili kumi na tano umetudanganya vizuri sana, nami nakushukuru. Mama wa fundi alipomumwagia yule binti maji usoni, ulisema anadai mbuzi saba wa mahari. Avoka wa mahakama mwenye tai ulisema ni mujomba kutoka Kabambare. Wapenzi walipokaa kimya ndani ya theluji, ulijaza ule ukimya kwa habari za daraja lililovunjika, ukamusalimia na Mama Régina kwa mandazi yake. Hakuna aliyelalamika. Tulijua Korea ni Maniema yetu yenye baridi.

4. Halafu Jumapili iliyopita! Binti yuko uwanja wa ndege na sanduku lake, anasema maneno mawili, na wewe unakohoa, unasoma Kifaransa cha chini ya picha neno kwa neno: «Kwaheri. Naenda kusoma. Hatutaoana.» Aka, Muzaliwa! Pepo gani alikushika? Kwa ajili ya mbuzi una uongo wa majuma kumi na tano, na siku uongo mumoja tu ungenipa muke, unakuwa mutu wa ukweli? Ungeshindwa nini kusema ndege ile inaenda kumuleta mujomba? Nani angebisha? Wakorea hawakuwepo.

Rosine alisimama, akapangusa vumbi kwenye kitenge chake, akasema «Pole, Hippolyte,» akatoka. Tangu siku ile silali. Jana abiria wa Lusangi nimemufikisha Nyangwe. Naumia, ndugu yangu, nasema wazi.

5. Kwa hiyo naomba urudie kipande cha mwisho Jumapili hii, utangaze kwamba kile cha kwanza kilikuwa kibovu, na utafsiri jinsi tunavyokujua. Ukikataa, nitawaomba wakaaji wote wa Kasongo wakukataze kusema kweli mbele ya watu mupaka siku nitakapooa. Wakorea wakilalamika, wanipigie mimi.

Barua hii namupa Mado wa sekretaria aipige kwa mashine, maana mwandiko wangu una mashimo kama barabara yetu. Rosine anafanya kazi pale pale, lakini Jumanne anaenda kupalilia mihogo ya mama yake, hataiona. Ukimaliza kusoma, ichome.

Nisalimie muke wako, watoto, jenereta, Mama Régina, na mbuzi wake pia, sina kinyongo naye.

Wako mwenye kuumizwa,
Hippolyte

N.B. ya aliyepiga mashine: Mado ana malaria tangu jana, mihogo imebaki. Barua nimeipiga mimi, Rosine. Makosa ya kuandika nimeyasahihisha, na hili pia: hajaniomba miaka miwili, ni mitatu. Ndugu Muzaliwa, usirudie kipande. Kile Kifaransa cha chini nakisoma mwenyewe tangu Jumapili ya kwanza, na mbuzi hamna. Hata mwisho niliujua, dada yangu wa Bukavu alishanisimulia. Nilitaka filamu imukatalie Hippolyte kwa niaba yangu, maana mimi nilikosa mudomo. Lakini Jumapili kumi na sita ni nyingi, na hakuna hata moja aliyokosa. Ile ya mwisho nilimungoja nje aje aniulize mwenyewe, kumbe yeye alibaki ndani kukukasirikia wewe. Mwambie mujomba wake aje Jumamosi. Umwambie hivyohivyo, bila kuongeza mbuzi.