Watalii Wamepita, Mwongozaji Amekwama

Leo nimeaibika mbele ya nchi mbili kwa mpigo. Burundi imeona, Tanzania imeona, na madereva wa malori wameona kuliko wote.

Mnajua Hajati wa Nyamugari, kule Gitega, mwenye nyumba ya wageni, alinipa nafasi ya kuongoza watalii. Kwa majaribio! "Nenda mpakani, uniletee hao wazungu wawili mpaka mlangoni kwangu," alisema. "Ukiweza, kazi ni yako. Ukiharibu, baki hukohuko Butihinda upalilie maharagwe na mama yako."

Basi wiki nzima nimewasumbua hao wageni, mzee na mkewe, kwa meseji. Pasipoti isiwe inakaribia kuisha. Viza muulizie kabla hamjatoka kwenu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiisahau. Nikamalizia kwa ukali: "Mpakani hakuna mchezo!"

Jana nikalala kwa mama, Butihinda, jirani na mpaka. Leo nikavaa fulana mpya, MWONGOZA WATALII mgongoni, nikawahi. Nikawaona ng'ambo, upande wa Tanzania, wamesimama na mabegi yao kama watoto siku ya kwanza ya shule. Roho ikaniuma. Nikakimbia! Nikapenya kati ya malori, huyoo, nikawakumbatia. Hakuna aliyeniuliza kitu. (Kutoka ni rahisi, jamani.)

Tukarudi pamoja hadi dirisha la uhamiaji la Burundi. Mzee: pasipoti, viza, chanjo, muhuri. Bibi: muhuri. "Bienvenue!" Wakapita. Na mimi nikafuata, kifua mbele.

"We! Unaenda wapi?"

"Niko na hawa, afande."

"Bon. Karangamuntu iko wapi?"

Nikapapasa mfuko. Nikapapasa wa pili. Kitambulisho kiko kwenye suruali ya jana!

"Mimi Mrundi, afande!"

"Mrundi na hii Kiswahili ya Kasulu? Alors, colline yako ni gani?"

Kilima cha kwao kila Mrundi anakijua. Hata mimi nakijua! Lakini hofu ikanirudisha utotoni, kwenye kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Tanzania, kwenye foleni ya mgao. Nikasimama wima, nikajibu kwa sauti:

"Zoni C, kijiji cha nne, nyumba ya mwisho karibu na bomba!"

Foleni yote ikaangua kicheko. Lori moja likapiga honi.

"Huyu ni mtalii," afisa akasema. "Lete viza."

Ng'ambo ya pili bibi alikuwa ananipungia mkono kunitia moyo. Mimi ndiye mgeni, wao wenyeji! Na dereva wa teksi ameshaanza kupakia mabegi. "Nitawapeleka Gitega mwenyewe," anasema. Nikaiona kazi yangu inaingia kwenye buti.

Nikampigia mama, nikaweka sauti kubwa. (Kosa lingine.)

"Mama, mwambie afande mimi ni nani!"

"Afande, huyo wangu! Tulipokuwa tunarudi toka kambini alilia, anataka basi ligeuze kwa sababu ya kuku wake. Akalia mpaka akalala. Mpaka huo kauvuka anakoroma mapajani mwangu! Karangamuntu ninayo, nimeikuta ndani ya ndoo, nafua suruali. Nakuja!"

Afisa akawatafsiria wageni kwa Kifaransa. Yote. Pamoja na kuku.

Mama akafika kwa pikipiki, mkono juu, kitambulisho kinachuruzika povu. Afisa akakisoma, akanitazama, akasimama kabisa.

"Donc ile siku uliingia kwenu umelala. Leo ingia macho wazi. " Akamalizia kwa Kirundi chetu: "Kaze, karibu nyumbani!"

Jamani, nikapigiwa makofi. Nikavuka polepole, hatua kwa hatua, machozi hayo. Nikatoa mabegi ya wageni wangu kwenye buti, nikayapanga upya mwenyewe, nikakaa mbele. Mpaka Gitega!

Hajati kanipa kazi. Ila kasema wageni wengine niwapokee mlangoni, mpakani nisikanyage tena. Msinicheke: hata mlangoni ni kazini.