Ndege Isiyotaka Kuinamisha Pua

Jumatatu, 3 Machi
"Kabla hujagundisha pande mbili za ndege, weka uzito puani, la sivyo itakaa kitako." Ndivyo alivyoandika Daktari wa Meno, mwanachama mwenzangu anayeutaka ukurasa wangu, katika barua kwa jarida la klabu yetu ya waunda ndege ndogo za plastiki. Upuuzi mtupu! Ndege ina magurudumu matatu. Kigoda nacho kina miguu mitatu, nani amewahi kukitia kokoto? Ukurasa wa vidokezo wa jarida ni wangu mwaka wa tisa huu. Mshindi wa maonyesho ya Jumamosi ndiye atakayeuandika. Nimegundisha. Bila uzito. Na ajue.

Jumatano, 5 Machi
Rangi ya fedha, tabaka tatu nyembamba. Kazi safi! Nikaishusha mezani. Ikakaa kitako, pua juu. Mke wangu akauliza kama rubani amechoka au amesusa. Nikamwambia inapaa. Akasema basi ipae itoke kwenye meza yake.

Alhamisi, 6 Machi
Niipasue? Thubutu! Shemeji yangu, mwanachama naye, hutibiwa kwa Daktari, na pale mdomo haufungwi. Nimetoboa tundu tumboni, nikatia kokoto kumi na mbili, nikaziba. Zote zimekimbilia mkiani. Sasa imekaa kitako kwa dhati, na ukiigusa inalia kama kayamba.

Ijumaa, 7 Machi
Nimebandika magurudumu kwenye ubao kwa gundi kali ya matone ili pua isiinuke, nikaifunika kwa boksi isishike vumbi. Mvuke wa gundi umetia ukungu kioo cha rubani. Cheupe pe! Mke wangu asema ni mtoto wa jicho. Eti rubani apelekwe hospitali, ila si kwa wa meno.

Jumamosi, 8 Machi
Mwenyekiti aliinua ubao ili wanachama waone tumbo. Gurudumu la mbele likang'oka, kizibo kikafuata, kokoto zikamwagika mezani moja moja. Daktari akazihesabu. Akaniambia pole, kaka, zimetoka kumi na moja, jino moja bado limo. Kura ilipopigwa, wanachama wakamnyooshea mikono yeye. Shemeji alinyoosha yote miwili.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kosa ni la kokoto: zilikuwa za mviringo. Barua inatoka leo. Ninyi mlionyoosha mikono jana, na wewe shemeji hasa: futeni kura hiyo kabla jarida halijachapwa, mnirudishie ukurasa wangu. Kidokezo cha kwanza kiko tayari: tumieni kokoto zenye pembe.