Habari za Kutoka Migombani kwa Gari la Mzee Mikaeli

Nyamazeni kidogo, enyi mnaochambua maharage na enyi mnaongoja chai ichemke. Wekeni vikombe chini mpate kusikia. Kwa maana saa hii ninayoanza kusimulia, Elirehema mwana wa Mikaeli, mshika spana wa mteremko wa juu ya Moshono, amelala chali chini ya gari la baba yake, kutu ikimdondokea machoni, naye amekamatana na kizibo cha oili ambacho hakijaguswa na mkono wa mtu kwa miaka sita.

"Toka," akakiambia kwa upole, maana hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Hata mgeni wa harusi huondoka."

Kizibo kikakaa kimya. Elirehema akatia spana upya, akaegemeza mguu kwenye shina la mgomba, akavuta hata mishipa ya shingo ikasimama kama kamba za hema. Ndipo adui alipolegea, na oili nyeusi, nzito kama uji wa ulezi, ikammwagikia kifuani.

"Usililazimishe," ilisema sauti kutoka kwenye kigoda kilichokuwa pembeni. Huyo alikuwa Mzee Mikaeli mwenyewe, mwenye gari. "Halijaharibika hilo. Limepumzika."

"Ndiyo, baba."

"Nililiambia lipumzike, likatii. Magari ya siku hizi hayana adabu hiyo."

Gari lenyewe lilikuwa pikapu, na Mzee Mikaeli alilinunua zamani za mfalme, kwa mzungu mmoja mwenye shamba aliyekuwa akirudi kwao. Likabeba kahawa, mbao, wagonjwa na maharusi. Hata mwaka ule ofisini kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, picha ya mfalme iliposhushwa na ya malkia ikapandishwa, gari likaingia migombani jioni moja, likakohoa, likanyamaza. Wenye maneno wakasema linaomboleza. Matanga yake yakaendelea miaka sita, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva, na migomba ikakua kulizunguka hata mpita njia asijue kama pale pana gari.

Sasa sikieni sababu ya vita, maana hakuna jeshi linaloamka bila sababu.

Chama cha wakulima wa kahawa kilikuwa kimenunua mashine ya kumenyea kahawa mbivu, chuma kitupu, ya kukalia tela lenye magurudumu mawili, nayo ilikuwa mjini katika ghala karibu na stesheni ya reli. Kahawa mbivu humenywa siku ile ile inapochumwa. Na kati ya shamba la Mzee Mikaeli na shamba la Mzee Philemoni pana korongo refu lenye kijito chini yake, ambalo mashine ile isingeweza kuvushwa. Ingekaa upande huu au upande ule, na wanawake wa upande usio nayo wangeshuka korongo na kulipanda na mizigo mgongoni, kila siku ya mavuno, maisha yao yote. Na Mama Penina, mke wa Mzee Mikaeli, alikuwa na goti ambalo kwa misimu miwili sasa lilikuwa likikataa kupanda korongo.

Wazee wa chama wakaamua kwamba mashine itakaa upande wa yule atakayeivuta. Philemoni, bwana wa pembe kumi na mbili, alikuwa na maksai sita walionona. Mikaeli akasimama mkutanoni akasema gari lake limepumzika tu. Watu wakacheka. Lakini mwenyekiti, Mzee Ephraimu, mtu asiyependa kicheko katika vikao, akatamka hukumu: kama kabla ya jua la Ijumaa kuzama gari hilo litasimama barabarani kwa nguvu ya injini yake, lipewe kazi. Lisiposimama, Jumamosi maksai watakwenda mjini.

Na siku hii ya oili kifuani ilikuwa ndiyo Ijumaa.

Elirehema hakujifunza ufundi kwa mtu. Aliujifunza kwa kufungua kitu polepole, kukipanga chini kwa mstari jinsi kilivyotoka, na kukirudisha kwa mstari ule ule. Hivyo ndivyo alivyosafisha kabureta kwa unyoya wa kuku, akasugua plagi kwa msasa, akaziba tyubu, akafunga betri aliyoiazima mjini, akamwaga petroli kutoka kwenye debe kwa uangalifu wa mchungaji amiminaye divai ya meza ya Bwana. Jua lilipokwisha vuka utosi, alikuwa amebakiza kupiga hendeli ya kuwashia injini.

Ndipo Mzee Philemoni alipotokea kati ya migomba, fimbo begani, kofia nyuma ya kichwa.

"Shikamoo, mzee," Elirehema akasema.

"Marahaba. Naona mnaosha maiti kabla ya kuzika."

"Philemoni," alisema Mzee Mikaeli kutoka kigodani, maana wawili hao walipata kipaimara kanisani siku moja na tangu siku hiyo hawakuacha kutaniana, "ng'ombe wako wameshiba?"

"Wameshiba. Wanauliza kama gari lako nalo hula nyasi, maana wanaliona linashinda shambani kama wao."

"Waambie wale sana. Kesho hawana kazi."

Elirehema akaishika hendeli kwa mikono miwili, akaizungusha. Gari likakohoa. Akaizungusha tena, gari likapiga chafya, likatoa moshi na manyoya ya kuku. Akaizungusha mara nyingine, na hapo, enyi wasikilizaji, mnyama yule wa chuma akaunguruma, matone yakadondoka kutoka kwenye majani, kuku wakakimbilia nyumba ya jirani, na mbwa wa upande wa pili wa korongo wakajibu. Mzee Mikaeli hakustaajabu. Alitikisa kichwa tu kama mtu anayemwona mwanawe akiamka usingizini.

Philemoni akanyoosha fimbo kuelekea nyuma ya gari.

"Na ule mgomba?"

Mgomba ule Elirehema aliujua. Katika ile miaka ya mapumziko chipukizi lilikuwa limeota nyuma ya gurudumu la kulia, likakuta tundu la kutu kwenye kona ya bodi ya nyuma, likapita katikati yake, likawa mgomba mzima wenye mkungu. Gari lilikuwa limeshonwa ardhini kama kifungo kwenye shati. Katika mpango wake Elirehema aliuweka mwisho, kwa kuwa mgomba hukatwa kwa pigo moja la panga. Akalishika panga, akaliinua.

"Liweke chini, mwanangu."

Alikuwa Mama Penina, mlinzi wa migomba, amesimama na jembe mkononi.

"Mama, ni mgomba mmoja tu."

"Ni mshale, ndizi za supu ya mzazi, na mkungu wake ni wa mkeo Aikande. Niliutajia jina lake siku ulipotoa ua. Amejifungua mwezi huu, na wiki tatu zijazo ndipo utakapokomaa, nimpikie mtori. Utaukata ungali mchanga, umpe nani? Mbuzi?"

"Namtafutia mkungu mwingine."

"Wa kununua? Mkeo atoke Machame aje kuzaa mtoto wetu, tumlishe ndizi za sokoni kama msafiri?"

"Mama, hii kazi yote ni kwa ajili ya goti lako."

"Goti ni langu," alisema Mama Penina. "Likishindwa, nitapanda korongo kwa makalio. Lakini hapatakuwa na mtu wa kusema nilimnyang'anya mzazi chakula ili mimi nitembee vizuri."

Elirehema akaweka panga chini. Akafikiri, kisha akaleta msumeno wa chuma.

"Umeshika nini hicho?" aliuliza Mzee Mikaeli.

"Msumeno, baba. Nikate bati kutoka tunduni hadi ukingoni, mgomba upate njia."

Mzee akainuka kigodani, jambo ambalo hakulifanya tangu asubuhi.

"Gari langu ni mbuzi wa Krismasi? Bodi hiyo ilimbeba mama yako akitoka kubarikiwa ndoa yetu. Ilibeba mabati ya paa la kanisa. Haikupasuka kwa mabati, ipasuliwe na mwanangu? Mimi nikiwa hai hakuna atakayelikata."

Basi tazameni shujaa wetu alivyozingirwa. Upande mmoja mama yake akiulinda mgomba, upande mwingine baba yake akiilinda bodi, na jua halikuwa na upande, likaendelea kushuka. Nami siwezi kumlaumu yeyote kati ya wale wawili. Kila mmoja alisimama mahali penye haki. Hata Philemoni sikumwona akicheka. Alikuwa ameangalia pembeni, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wakati wa maneno ya ndani.

Elirehema akazima injini, akaketi juu ya jiwe.

Ndipo sauti iliposikika kutoka dirishani. Ilikuwa ya Aikande, mkewe, ambaye alikuwa bado hajatoka nje kwa sababu ya uzazi, na mtoto alikuwa akinyonya.

"Baba Mtoto, kesho gari litavuta kwa kutumia nini?"

"Kwa ndoano. Iko nyuma, kwenye chesisi."

"Siyo kwenye hiyo bodi?"

"Bodi ni ya kubebea. Imekalia chesisi tu, imeshikwa kwa bolti."

"Wewe mwenyewe umevua koti tangu asubuhi ili ufanye kazi. Kwani gari lazima livute likiwa na koti?"

 Mzee Mikaeli akamtazama mkewe, Mama Penina akamtazama mumewe, na Elirehema akatazama chini ya gari. Mgomba ulikuwa umesimama nje ya chuma cha chesisi, na nyuma yake hapakuwa na kitu cha kuugonga. Bodi ikiinuliwa kidogo na kuegemezwa, gari lingeweza kuteleza chini yake na kwenda zake, na mgomba ubaki na bodi yake, na bodi ibaki na mgomba wake.

"Halikatwi?" aliuliza Mzee Mikaeli.

"Halikatwi, baba."

"Haukatwi?" aliuliza Mama Penina.

"Haukatwi, mama."

"Basi mnangoja nini?" ilisema sauti ya dirishani.

Hapo ndipo vilipoanza vita vya bolti, ambavyo mpaka leo wale walioviona huvisimulia kwa kushusha sauti. Bolti zilikuwa zimeota kutu hata haikujulikana mwanzo wa chuma ni wapi. Mama Penina akaleta mafuta ya taa yote yaliyokuwa nyumbani, akayamwaga juu yake, akasema usiku watu watafahamiana kwa sauti. Elirehema akangoja yazame, maana alijua bolti ikiharakishwa hukatika kichwa. Kisha akaziendea moja baada ya nyingine, kwa spana, kwa nyundo, kwa maneno mazuri. Nyingine zilitoka kwa heshima. Moja ilizunguka bila kutoka, kama mgeni anayeaga mlangoni, hata akalazimika kuikata kwa ule msumeno, huku Mzee Mikaeli akigeuza uso, akisema bolti si gari.

Ya mwisho ilipodondoka, waimbaji wa kwaya walikuwa wakipita kwenda mazoezi. Mama Penina akawaita. Wakaja, soprano wakakata nguzo za mti wa mgrivea za kuegemezea, tenori na besi wakaingia chini ya bodi. Kiongozi wao akawahesabia kama anavyowaanzishia wimbo. Bodi ikainuka pande tatu. Kona ya nne, ile ya mgomba, ikagoma, kwa kuwa pale palihitaji bega moja zaidi na mabega yalikuwa yamekwisha.

Mzee Philemoni alikuwa amesimama pale pale. Akaitazama ile kona. Akautazama mkungu, uliokuwa ukianza kuegemea bati lenye makali. Akaiweka fimbo yake chini, akaingiza bega.

"Besi wenu wamelegea," alisema kutoka chini ya bodi. "Haya, pandisheni."

Bodi ikapanda. Nguzo zikasimamishwa. Philemoni akatoka akijikung'uta kutu.

"Mwone huyu," alisema Mzee Mikaeli. "Ananyanyua kitu cha kumshinda yeye mwenyewe."

"Nimenyanyua mtori wa mzazi," Philemoni akajibu. "Gari lako sijaligusa."

Jua lilikuwa limebakiza unene wa kidole juu ya upeo wakati Elirehema alipopiga hendeli tena na kuketi penye kiti cha kuku. Gari likatoka. Lilitoka chini ya bodi yake likiwa uchi nyuma kama jogoo aliyenyonyolewa mkia, mifupa yake ya chuma ikionekana, ndoano ikipiga kelele nyuma, na kwaya, ambayo haikuombwa, ikaanza kuimba. Mgomba haukutikisika jani. Likapita kati ya mibuni, likapanda tuta, likafika barabarani, ambako Mzee Ephraimu alikuwa amesimama katikati na saa yake ya mfukoni.

Elirehema akakanyaga breki. Kikanyagio kikaenda hadi sakafuni, hakikukuta kitu. Akazima injini, akaacha gia iseme badala ya breki. Gari likaenda, likaenda, likasimama hatua moja mbele ya mwenyekiti, ambaye, kwa kuwa ni mwenyekiti, hakusogea.

"Breki?" aliuliza Mzee Ephraimu.

"Bado, mzee. Zile ni za kesho asubuhi."

Mzee Ephraimu akalitazama jua, akalitazama gari, akalizunguka, akasimama penye ndoano.

"Chama hakikuuliza habari za breki," akasema. "Limesimama barabarani. Litakwenda mjini."

"Kwa ule mteremko wa kwenda mjini?" alisema Philemoni. "Nitafunga maksai wangu nyuma walizuie. Nasikia kesho hawana kazi."

Na iandikwe basi, na wajukuu wasomewe, kwamba siku ile gari la Mikaeli lilitoka migombani mpaka barabarani, safari ya kutosha kupoza kikombe cha chai, na kwamba katika safari hiyo hapakukatwa mgomba wala bati. Wakati giza linaingia Elirehema alikuwa amefungua gurudumu la mbele kushoto, nati zimepangwa juu ya kitambaa kwa mstari, breki iko wazi, haijaguswa, inangoja asubuhi. Alipomwita mama yake aje aone, hakuitikia. Walimkuta chini karibu na kijito, upande wa huku wa korongo, akisawazisha kwa jembe mahali ambapo mashine itakaa, ili wanawake wa ng'ambo nao wasilazimike kupanda na mizigo.