Harambee ya Kunukuliwa

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Mkuu wa kituo chetu cha utafiti wa afya ametangaza kikaoni: cheo cha mtafiti mkuu kitaenda kwa anayenukuliwa zaidi. Akamtazama mwenzangu Nyagaka. Wote wakamtazama Nyagaka. Mtu ambaye maisha yake yote ni minyoo! Mimi nimeandika kuhusu migongo ya wachuma chai, meno ya watoto, macho na moshi wa jikoni, na kiungulia. Karibu mwili mzima. Jioni nimefungua kompyuta kuona nani wamenukuu makala zangu. Ni mimi. Mimi peke yangu, nikijinukuu kutoka makala moja hadi nyingine. Nimekula ugali na maziwa nikiwa nimesimama.

Jumanne, 4 Novemba
Nimemwendea Nyagaka kwa unyenyekevu. Aninukuu, nami nimnukuu. Akauliza meno ya watoto atayaweka wapi kwenye minyoo. Nikamkumbusha kwamba watoto wenye minyoo nao wana meno. Akaniita ndugu yangu, akafunga mlango. Kisha nikasikia kicheko huko ndani, na si cha mtu mmoja. Nimeumia.

Jumatano, 5 Novemba
Wazo! Nchi hii watu huchangiana kwa kila kitu: karo, arusi, matanga, paa la kanisa. Kwa nini mtafiti asichangiwe? Nimechapisha kadi mjini Kericho. Harambee ni Jumamosi, saa nane, kwangu Boito. Kila mwalikwa aje na ahadi ya kuninukuu. Mgeni wa heshima: Nyagaka! Mgeni wa heshima haji mikono mitupu. Viti nimeazima kanisani. Katibu wa kanisa akauliza nina shida gani. Nikasema ni mambo ya kibinafsi. Akanitazama kwa huruma, sijui kwa nini.

Jumamosi, 8 Novemba
Saa nane: mimi na viti. Nyagaka ameandika kwamba amepata udhuru, Mungu aubariki mchango. Wenzangu wengine wametuma kidole gumba kwenye simu. Cha njano.

Saa tisa nikasikia nyimbo. Kanisa zima lilikuwa linapanda kilima! Mbele alikuwa Chemutai, jirani yangu mchuma chai, na kuku kwapani. Nyuma yake Nyamusi wa duka, na mkungu wa ndizi. Vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, sikuvihesabu. Mzee wa kanisa akaeleza kwamba wamesikia mtu anayeishi peke yake ameazima viti na hataki kusema shida yake, nao wakaona shida hiyo lazima ni kubwa. Nikawekewa mikono kichwani na mabegani. Nikaombewa kwa sauti kubwa.

Walipomaliza nikasema mimi si mgonjwa. Nikaeleza kunukuliwa ni nini: mtu kulitaja jina lako na kazi yako katika kazi yake. Chemutai akashangaa. "Lakini daktari, si sisi tunakutaja kila siku? Tukifunga kikapu vile ulituonyesha, tunaambia wageni hiyo ni ya Daktari Kipruto, ndiyo mgongo isiume."

Moyo uliniruka! Nikauliza kwa haraka ni katika jarida gani. Akasema ni pale kwenye kituo cha kupimia majani. Basi, haihesabiki.

Mvua ya mawe ikaanza, wakakaa hadi ikapita. Walikula, wakaimba, wakanichekesha mpaka nikamsahau Nyagaka. Walipoondoka nyumba ilinyamaza vibaya. Nimeosha vikombe taratibu, kimoja kimoja, kazi isiishe haraka. Nilitaka kulia.

Jumapili, 9 Novemba
Chemutai amepiga simu. Nikale kwake baada ya ibada, na si leo tu, kila Jumapili nikipenda. Watoto wake wameshaniulizia. Nimefurahi mno. Nimepiga pasi shati. Nimefika hadi mlangoni.

Hapo wazo likanijia. Upweke! Upweke wa wanaume wanaoishi peke yao kwenye mashamba ya chai! Tawi jipya kabisa la afya, na Nyagaka hana hata mstari mmoja humo. Nimempigia Chemutai kumwambia nimebanwa na kazi, labda mwaka ujao. Akasema chakula changu atakifunika.

Nimeandika siku nzima. Sasa nahitaji wanaume wapweke wa kuhojiwa. Hadi jioni nimempata mmoja, humu humu nyumbani. Amejibu maswali yote bila kusita, nami nimeshamnukuu.